Haki ya Maji Usiyoyanywa

Dhulma nyingi tunazokemeana zina mdai. Mvuvi aliyeibiwa nyavu pale mwalo wa Masese anajua wapi pa kuanzia kuuliza. Aliyepunjwa kwenye mizani ya samaki hurudi kesho yake akadai haki yake. Leo nataka kuzungumza na wavuvi wa Jinja, na vijana wa boti wanaowapeleka wageni kutazama chanzo cha Nile, na ndugu zetu wa Mbale ambao pengine wanajiona hawana ziwa la kuulizwa, juu ya dhulma isiyo na mdai: kutoa kiumbe hai katika maji haya na kukiachia katika maji yale. Anayetenda haoni kitu. Anayedhulumiwa yuko mbali, au bado hajazaliwa.

Gugu maji lilionekana Ziwa Kyoga mwaka 1988, na mwaka uliofuata likaonekana Ziwa Victoria upande wetu wa Uganda. Asili yake ni bonde la Amazon, Amerika Kusini. Kilicholisambaza duniani ni ua lake zuri la zambarau. Watu walilipenda, wakalipanda katika vidimbwi vya bustani zao, mvua ikanyesha, mto ukachukua kilichobaki. Hapa kwetu Mto Kagera ulituletea gugu hilo kutoka Rwanda. Hebu tulitafakari hilo vizuri, kwa sababu aliyependa ua hakuwa mtu mbaya. Hakumchukia mvuvi yeyote wa Jinja. Hata jina la Jinja huenda hakuwahi kulisikia.

Waliokuwa wavuvi miaka ya tisini hawahitaji kusimuliwa. Mtu aliamka alfajiri akakuta mwalo umefungwa, kijani kitupu hadi macho yanapoishia, na mtumbwi hausogei hata ukisukumwa na wanaume wanne. Nyavu zilizotegwa jana ziliburutwa na magugu zikapotea. Meli zilikwama bandarini Port Bell na Kisumu. Milango ya maji ya bwawa la Owen Falls ililazimika kusafishwa kila mara. Chini ya magugu hewa ya majini hupungua, samaki wakahama au wakafa, na konokono wanaobeba kichocho wakapata makao mapya karibu kabisa na mahali akina mama wanapochota maji. Mmea huu ukipata nafasi huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa matopeni zaidi ya miaka 15 zikiwa hai. Kipande cha shina kilichonasa kwenye wavu, kikasafiri na wavu huo hadi ziwa lingine, kinatosha kuanzisha yote haya upya.

Mwaka huohuo wa 1988, mbali sana na hapa, katika Ziwa St. Clair kwenye mpaka wa Kanada na Marekani, walionekana kome wadogo wenye mistari ambao asili yao ni pande za Bahari Nyeusi na Kaspi. Meli za mizigo ziliwaleta ndani ya maji zinayobeba tumboni ili zisiyumbe. Kome hao hujishika juu ya kila kigumu, wakaziba mabomba ya miji na ya viwanda, wakachuja maji hadi chakula cha samaki wachanga kikapungua. Lakini meli za mizigo hazikuwapeleka katika maziwa madogo ya ndani. Waliowapeleka huko ni watu wa kawaida waliokokota boti zao kwa magari mwisho wa wiki kwenda kuvua, huku kome wameganda chini ya boti na vitoto vyao visivyoonekana kwa jicho vimo katika maji yaliyobaki ndani. Siku hizi kule mwenye boti hufundishwa mambo matatu kabla ya kuondoka ziwani: safisha, mwaga, kausha. Katika majimbo mengi husimamishwa njiani boti yake ikakaguliwa, na hakuna anayeona kwamba ameitwa mwizi.

Nawasihi vijana wa boti wa Jinja wayachukue mambo hayo matatu kama adabu ya kazi yao, hata kama hakuna askari wa kuwasimamisha. Ukitoa mtumbwi Victoria kuupeleka Kyoga, au ukiuza wavu uliotumika kwa mtu wa ziwa jingine, toa kila jani na kila mzizi. Mwaga maji yote ukiwa bado kwenye mwalo ulikoyatoa. Anika chombo juani siku kadhaa hadi kikauke kabisa. Mtaniambia kwamba siku kadhaa bila kuvua ni siku kadhaa bila chakula nyumbani. Najua. Basi kama huwezi kusubiri, sugua, suuza kwa maji safi mbali na ufuko, kagua kwa vidole kila fundo la wavu. Kazi hiyo itakuchukua asubuhi moja. Usiseme kwamba wengine hawafanyi, maana wewe hukuulizwa juu ya wengine.

Kuna wanaoamini kwamba nia njema huondoa lawama. Hapo Jinja tuna mfano mzito unaotufundisha vingine. Mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, sangara, ambaye wengi wetu tunamwita mputa, aliingizwa Ziwa Victoria hapo Jinja bila watu kutangaziwa. Hoja ya waliomtaka ilisikika vizuri: ziwa limejaa nkejje, visamaki vidogo vyenye miiba, basi tumlete samaki mkubwa avile, avigeuze kuwa mnofu wa kuuzwa. Jinja hiyohiyo ilikuwa na kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki, na mmoja wa wataalamu wake, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960, wakati kumwingiza rasmi kulikuwa bado kunajadiliwa, akionya dhidi ya mpango huo. Hakusikilizwa. Kwa miaka zaidi ya 20 ilionekana kama onyo lake lilikuwa woga tu. Kisha miaka ya themanini sangara akalijaa ziwa, na aina za nkejje zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka au zikabaki chache mno. Nkejje waliokaushwa walikuwa chakula cha watoto na dawa ya surua katika nyumba nyingi za huku kwetu.

Siwezi kumwambia mtu aliyesomesha watoto kwa pesa za sangara kwamba samaki yule ni laana. Viwanda vya minofu vimelisha familia nyingi, na mwenye haki hasemi uongo ili kuipamba hoja yake. Ninachosema ni kwamba watu wachache waliamua jambo lisiloweza kurudishwa nyuma, bila kuwauliza waliokuwa wakila kutoka katika maji yale. Kosa la namna hiyo nia njema hailifuti. Anayetaka kutenda jambo lisilorudishika ana wajibu wa kuuliza kwanza, na kungoja jibu hata likichelewa.

Sasa nigeukie Mbale. Mito ya Namatala na Manafwa inashuka kutoka Mlima Elgon, ikaingia Mpologoma, na Mpologoma ukaingia Kyoga. Nile nayo ikitoka Jinja inaelekea Kyoga. Miji hii miwili, ambayo watu wake hukutana zaidi katika matatu kuliko penginepo, inamwaga katika ziwa moja. Gugu maji hunenepa kwa uchafu wetu: maji ya vyoo, mbolea iliyooshwa mashambani, udongo unaobebwa kutoka miteremko iliyofyekwa. Mtu wa Mbale anayetupa taka mtoni hajaleta mbegu, lakini ameileta mbolea. Gugu la pili, lile la Kariba, nalo limekwisha kufika Kyoga, na linakula chakula hichohicho.

Na wewe uliyechimba bwawa la samaki nyumbani, hongera kwa juhudi. Uliza vifaranga hao ni wa aina gani na wametoka wapi kabla ya kulipa. Mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022 yalituonyesha jinsi Namatala na Nabuyonga zinavyoweza kuingia nyumbani mwa watu usiku mmoja. Mto unaoingia nyumbani huingia na bwawani, na ukitoka huondoka na kilichomo. Maua ya majini mnayouziwa kupamba hoteli, yakataeni mpaka mwambiwe na mjuzi kwamba hayana madhara.

Dawa ya makosa haya huja polepole. Fukusi wanaokula gugu maji, waliofugwa na watafiti wa Namulonge, waliachiwa Kyoga mwaka 1993 na Victoria mwaka 1995, na ilichukua miaka kabla magugu hayajapungua. Hayajaisha. Aprili 2020 kisiwa cha mimea kilichomeguka ufukoni kilielea hadi bwawa la Nalubaale, lilelile la Owen Falls, na umeme ukakatika nchini.

Kwa hiyo wa kwanza kuona ana amana kubwa. Ukikuta mmea usioujua, au konokono na kome wa sura ngeni kwenye nyavu zako, usiwatupe mbele ukaendelea na safari. Weka mfano wake kwenye chombo kilichofungwa, kumbuka mahali ulipoupata, umpelekee ofisa wa uvuvi wa wilaya au taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyopo hapo Jinja. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kwamba mwalo utafungwa, au wataulizwa leseni. Wazee wa mwalo, woga huo uko mikononi mwenu kuuondoa. Mtu akija na habari mbaya akiwa bado na maji ya ziwa kwenye suruali, msianze kwa kumuuliza alikuwa akivua wapi. Mpeni kiti, mkamsikilize, kisha mpande mtumbwi pamoja naye mkaone.