Je, Nidanganye Ili Ndoa Yangu Isitenganishwe?



Leo naomba tuongee jambo ambalo kwenye semina za ndoa huwa halipewi muda. Tunafundishwa habari za uchumba safi, mahari, uzazi wa mpango kwa njia ya asili, hata namna ya kuishi na mawifi. Lakini ukimpenda mtu ambaye si raia wa nchi yako, kuna swali jingine linakungoja, na linakuja pamoja na fomu. Je, ni halali kwa Mkristo kusema uongo kidogo ofisini ili mume na mke wasitenganishwe?

Siliongelei kwa mbali. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Mume wangu ni Mrundi. Alikuja kusoma chuo hapa mjini, tukafahamiana kwenye kwaya, na mwaka jana tukafunga ndoa kanisani. Kila kitu kilikuwa wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, tukaitoa. Kanisani tukatangazwa, na hakuna aliyeweka pingamizi. Cheti tunacho, na mtoto yuko njiani. Shida ni moja tu: mume wangu yupo nchini kwa kibali cha mwanafunzi, na masomo yake yanaisha mwaka huu.

Ngoja niwaeleze sheria kidogo, maana wengi tunaingia kwenye mambo haya bila kuijua. Vibali vya ukaazi Tanzania viko vya madaraja matatu, A, B na C. Wanafunzi wanapewa Daraja C, daraja hilo hilo wanalopewa mapadre na masista wamisionari. Vyote vina tarehe ya mwisho. Anayetaka kubaki moja kwa moja, njia iliyopo ni kuomba uraia. Na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kwangu. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanaume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Anapita mlango wa wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi, awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Mume wangu ana miaka minne.

Kwa hiyo kaka yangu angeoa Mrundi, mkewe angekuwa na njia. Mimi nimeolewa na Mrundi, na mume wangu hana. Tumezaliwa tumbo moja, tumebatizwa kisima kimoja. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 inasema aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka 7 anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia, awe mke awe mume. Na ule Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2010, umetufungulia mengi, lakini ukaazi wa kudumu umeuacha mikononi mwa sheria za kila nchi.

Sasa, majirani wa Majengo ni watu wema. Wakiona una shida hawakai kimya. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia, "Mwanangu, mbona rahisi? Ajiandikishe chuo kingine, kozi yoyote ile, alipe ada ya muhula mmoja, kibali kinasogea. Darasani si lazima aende." Kaka mmoja anayejua njia za mjini akaja na lake: "Dada, shemeji akiongea utadhani Muha. Tunatafuta mashahidi wawili, anakuwa mzaliwa wa Kasulu. Nani atajua?"

Na kweli, nani atajua? Kiha na Kirundi vinaelewana kiasi kwamba mume wangu akikutana na Muha sokoni mimi ndiye ninayebaki mgeni. Mpaka ulichorwa na wakoloni, watu walikuwa hapo kabla yake. Wala shauri lenyewe halimwibii mtu. Halimuui mtu. Linamweka baba karibu na mtoto wake. Kiukweli, usiku nikiwa naunga sare za shule za watu, nimelipima shauri hilo pande zote, na naomba msilidharau. Uongo unaokuja na sura ya upendo ndio mgumu kuukataa.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni hii: sheria yenyewe haijatenda haki, kwa nini nami niitendee haki? Ndoa ni kifungo alichokifunga Mungu, na binadamu hana ruhusa ya kukifungua. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake kuhusu familia wa mwaka 1981, alitaja haki ya familia kuhama pamoja ikitafuta maisha bora. Katekisimu namba 2242 inasema hatufungwi kutii amri ya serikali inayopingana na sheria ya Mungu. Basi si tayari nimeruhusiwa?

Nimekaa na hoja hiyo muda mrefu, na naona kuna mahali inateleza. Sheria inayoniamuru nitende dhambi, hiyo naikataa hata kwa gharama. Lakini hii haijaniamuru kutenda dhambi yoyote. Imeninyima kitu. Kunyimwa kunanipa haki ya kulalamika, ya kuandika barua, ya kumuuliza mbunge wangu, ya kuisemea sheria hiyo mpaka ibadilishwe. Hakunipi haki ya kusimama mbele ya mtu na kumwambia kisichokuwepo. Na nikidanganya kimya kimya, sheria hiyo nimeiacha pale pale ilipo, imngoje dada mwingine atakayekuja nyuma yangu.

Nikafungua Biblia, nikakutana na Abrahamu. Naye alikuwa mume ugenini. Njaa ilipomsukuma kwenda Misri, aliogopa kuuawa kwa sababu ya uzuri wa mkewe, akasema Sara ni dada yake. Ulikuwa uongo wa kujilinda tu, tena nusu yake kweli, maana walikuwa ndugu wa baba mmoja. Lakini tazameni ni nani aliyelipa. Abrahamu alipewa kondoo na ng'ombe, Sara akapelekwa nyumbani kwa Farao. Uongo uliosemwa ili kuilinda ndoa ulianza kwa kuikana ndoa yenyewe. Ni Mungu aliyewaokoa, uongo haukuwaokoa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu Kasulu. Ili mume wangu awe mzaliwa wa Kasulu, lazima kwanza baba yake afutwe. Mzee yule ambaye alinitumia baraka zake kwa simu siku ya harusi, akiniita mwanangu kwa Kiswahili cha kuokoteza, angekuwa hayupo. Mahali pake pangeandikwa jina la mtu asiyejulikana. Mtoto wangu atakuwa Mtanzania kwa sababu mimi ni Mtanzania, hilo halina shida. Lakini angekua na babu wa kwenye karatasi, na siku akiuliza kwao ni wapi, tungelazimika kumfundisha na yeye kudanganya. Familia ingekaa pamoja, ndiyo, lakini ingekaa juu ya jambo ambalo halitajiki. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa, kwa hiyo kila mgeni angebisha hodi mioyo ingeruka. Je, huko ndiko kukaa pamoja?

Shauri la chuo ni dogo zaidi, lakini ni lile lile. Kama mume wangu atasoma kweli, asome, na Mungu ambariki. Kusoma ili ubaki karibu na mkeo si dhambi. Dhambi ni kulipia kiti ambacho hutakalia, ukamwambia ofisa kwamba wewe ni mwanafunzi wakati unajua wewe ni mume anayejificha nyuma ya daftari.

Wapo watakaosema basi Mkristo akunje mikono amwachie Mungu. Hapana. Mtazameni Mtume Paulo. Walipomfunga ili wampige mijeledi, hakunyamaza kitakatifu. Aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma bila hukumu. Jemadari akashtuka, akasema yeye uraia wake ameununua kwa fedha nyingi. Paulo akamjibu kwamba yeye amezaliwa nao. Baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Paulo huyo huyo aliwaandikia Wafilipi kwamba uraia wetu uko mbinguni, lakini hakuona aibu kuutumia ule wa duniani mpaka tone la mwisho. Alitumia kila alichokuwa nacho, na hakutumia asichokuwa nacho.

Nami ndivyo ninavyoelewa. Karatasi ni mtumishi wa ahadi. Kuitafuta si dhambi, na wanaotuuliza kwa kicheko kama mume wangu alinioa au aliioa Tanzania, siwakasirikii. Swali lao lina maana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1101, inasema anayetamka "ndiyo" mdomoni huku moyoni ameikataa ndoa yenyewe, huyo hajafunga ndoa. Wapo wanaofanya hivyo, hapa na Ulaya. Kipimo nilichojiwekea ni hiki: ofisi ikikataa, ahadi inabaki? Ikibaki, basi karatasi haikuwa sababu ya ndoa. Na nikikubali kipimo hicho kwa ajili ya upendo wetu, lazima nikikubali na kwa ajili ya ukweli wetu: ofisi ikikataa, ukweli unabaki?

Tumekubaliana hivi. Kabla kibali hakijaisha, tutakwenda Uhamiaji wote wawili na cheti cha ndoa, na pasipoti yake ya Burundi. Tutasema tulivyo. Yeye ni mume wa Mtanzania, masomo yameisha, ni kibali gani anaweza kuomba kihalali wakati miaka yake inatimia? Hakuna bahasha, hakuna "ya soda". Tukipewa, Mungu asifiwe. Tusipopewa, atarudi Burundi na kuomba akiwa kule, nami nitajifungua na mama yangu pembeni. Naandika sentensi hiyo na mkono hauko imara. Naogopa. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba ukweli ni wa bei rahisi.

Wewe kijana unayesoma hapa, kama una uchumba na mgeni, fanya haya mapema. Mwoneni Baba Paroko kabla ya kupanga kamati ya harusi. Nendeni Uhamiaji wenyewe mkaulize, msimtegemee mtu wa kijiweni. Jaza fomu kwa mkono wako na soma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Na wewe ambaye mchumba wako ni wa hapa hapa, una kazi pia. Katekisimu namba 2241 inamtaka mgeni aheshimu sheria za nchi inayompokea, na inawataka wenyeji wampokee. Kwenye jumuiya yako yupo mtu ambaye kila mwaka anahesabu tarehe. Ukitaka kumsaidia, usimpelekee mashahidi wa uongo. Msindikize ofisini. Muulize amekula nini. Sema wazi kwamba mama na dada zako wanastahili mlango ule ule waliofunguliwa kaka zako.

Tuombeane.