Je, Kitu Chema Chaweza Kuzidi?

Liko swali ambalo wengi hudhani jibu lake ni jepesi: Je, kitu kilicho chema kikiongezwa, wema wake nao huongezeka? Mama ampendaye mtoto wake huambiwa kwamba vitamini huleta afya. Naye husema moyoni, Ikiwa kidonge kimoja chafaa, viwili vitafaa zaidi. Haya ni mawazo ya upendo. Walakini yafaa tuyapime.

Mwaka 1597 mabaharia Waholanzi waliokwama katika barafu ya Novaya Zemlya walikula ini la dubu mweupe. Wakaugua sana, na watatu kati yao wakabambuka ngozi tangu kichwani hata miguuni. Mwaka 1943 wataalamu Rodahl na Moore walionyesha ya kuwa ini la dubu huyo limejaa vitamini A kupita kiasi. Tena panya waliopewa vitamini hiyo kwa wingi katika nyumba za uchunguzi walikonda, na mifupa yao ikavunjika.

Sababu ni hii: Vitamini C huyeyuka katika maji, na ziada yake nyingi hutoka kwa mkojo. Lakini vitamini A huyeyuka katika mafuta, nalo ini huiweka akiba kama ghala iwekavyo nafaka. Ghala ikijazwa daima bila kupunguzwa, kuta zake huharibika. Ndivyo waganga walivyoona makovu katika maini ya watu waliomeza vidonge vingi kwa muda mrefu.

Basi, je, tuikatae? Hasha! Mtoto aikosaye huweza kupofuka. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 700 hata 900 kwa siku, wala ile ya ini na vidonge isipite 3,000. Na kiasi cha mtoto ni kidogo zaidi. Kwa hiyo twaona kwamba wema haumo katika kitu peke yake, bali katika kitu, na kiasi chake, na yule akipokeaye.

Wako wasemao, Nia yangu ilikuwa njema. Twajibu: Nia njema haiponyi ini. Upendo usiouliza kiasi hutafuta furaha ya kutoa kuliko faida ya apewaye. Tena wanyama wale waliteswa ili sisi tujue; tukipuuza, mateso yao yamekuwa ya bure.

Wazee walisema, Shibe mwana malevya. Kabla ya kuongeza, na tumwulize mganga. Naye akisema, Yatosha, tukubali kwamba yatosha.