Kitufe Kilichobonyezwa Mara Mbili

Kisa hiki ni cha kutunga. Mashine yenyewe si ya kutunga. Mpiga picha wa harusi mjini Garissa alikuwa na seva ndogo ya kuhifadhia data nyumbani, kisanduku chenye diski mbili, na ndani yake picha za sherehe za harusi za Kisomali, nikaha, aroos na shaash saar, za nusu ya mtaa. Fundi aliyekifunga alikipa anwani ya kudumu, 192.168.1.50. Kikafanya kazi bila shida mpaka mwenyewe alipohama kampuni ya intaneti. Rauta mpya ikaja na anwani zake, zinazoanza na 192.168.100. Taa za kisanduku zinawaka, diski zinanguruma, lakini kwenye laptopu hakionekani.

"Abti (mjomba), turiseti tu," mpwa wake akasema.

Ushauri haukuwa mbaya. Seva za Synology, kama hii, zina kitufe kidogo nyuma. Ukikishikilia kwa pini takriban sekunde 4 mpaka mlio mmoja usikike, nenosiri la msimamizi hufutwa na netiweki hurudi ilivyotoka kiwandani: seva huiacha anwani ya kudumu na kuiomba rauta anwani mpya. Kwa QNAP ni sekunde 3. Picha haziguswi. Ila kwa Synology, ukirudia kubonyeza ndani ya sekunde 10, hadi ilie mara tatu, seva hutaka kuwekewa mfumo upya. Kijana alisikia mlio wa kwanza, akaitazama laptopu, hakuona kitu, akabonyeza tena. Vijana na subira!

Hata hapo picha zilikuwa bado zipo. Kilichoziangamiza ni swali lililotokea kwenye skrini, kama anakubali data zote kwenye diski zifutwe. Akaweka tiki, kwa mazoea ya kukubali kila kinachojitokeza.

Abti alijipa moyo kuwa diski ni mbili. Kumbe ya pili kazi yake ni kuiga kila linalofanyika kwenye ya kwanza, kufutwa kukiwemo.

Na si kila "kurudisha ya mwanzo" huacha faili. Juni 2021 watu wenye My Book Live za Western Digital walikuta diski tupu bila wao kugusa kitufe. Wavamizi waliviamuru vifaa hivyo kupitia intaneti vijirudishe kiwandani, kwa sababu mistari ya programu iliyopaswa kudai nenosiri kwanza ilikuwa imezimwa. Vilikuwa havijapata sasisho tangu 2015.

Pini yenyewe haikuhitajika. Angechomeka waya kutoka laptopu moja kwa moja hadi kwenye seva, akaipa laptopu anwani 192.168.1.20, akaandika 192.168.1.50 kwenye kivinjari, seva ingefunguka na nenosiri lile lile. Kisha angebadilisha mpangilio mmoja tu, seva iwe inapokea anwani kutoka kwa rauta.

Diski iliyofutwa kwa haraka namna hiyo pengine huokolewa, mradi izimwe papo hapo na isiandikwe kitu kipya. Fundi wa Nairobi, alipopigiwa simu wiki iliyofuata, aliuliza hilo kabla ya kutaja bei. Lakini Jumamosi kulikuwa na harusi nyingine, na abti alikuwa ameshaijaza video yake yote humo.