Lamu: Mji Uliojengwa na Biashara

Asubuhi ya leo tuutazame mji wa Lamu, ambao watu wameishi humo bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700.

Neema ya Lamu ilikuja na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni yakiwa na tende na mazulia. Kusi iliyarudisha na shehena ya boriti za mikoko na pembe za ndovu. Faida ya biashara ile bado inaonekana: kuta nene za matumbawe, milango ya nakshi, na madaka ya kumpokelea mgeni.

Ngome iliyokamilika mwaka 1821 iliwahi kuwa gereza; leo ni makumbusho. Kando yake pana soko. Muuza samaki anapara changu, na akina mama wanachagua nazi kwa kuzitikisa karibu na sikio. Katika Usita wa Mui, barabara kuu nyembamba, punda akija na mzigo, wewe ndiye unayempisha.

Mwaka 2001 UNESCO iliutangaza mji huu kuwa urithi wa dunia. Lakini tangazo halipaki chokaa. Mji hulindwa na anayenunua sokoni kwake, na fundi anayemfunza kijana kuchonga mlango.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Popote ulipo, ndugu yangu, lipo soko la kale. Wiki hii nenda ukanunue hapo, uulize historia yake, na mwanao umchukue mwende pamoja.