Je, Anayetaja Ulevi Wake Mbele ya Wenzake Amejifichua?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo tuzungumze jambo tunalolijua wote na hatulitaji. Katika safu zetu za sala wamo ndugu wanaokunywa. Usigeuke kumtazama jirani yako. Mmoja ni lotoko ya mahindi na muhogo, mwingine ni bia ya chupa. Kuna walioanza ujanani, na kuna walioanza baada ya vita vya siku sita vya Juni 2000, walipozika watu wao na usingizi ukawakataa. Kwamba pombe ni haramu hatubishani, Sura Al-Maida imekata maneno.

Miaka mingi iliyopita kijana mmoja alinijia baada ya Isha. Akasema, "Mualimu, nimeapa mara tatu, na mara tatu nimerudia." Nikamsomea aya, nikamwambia atubu, afunge Jumatatu na Alhamisi. Niliyomwambia yalikuwa ya kweli. Lakini hakurudi kwangu, na msikitini pia akakoma kuonekana. Je, kijana yule alikuwa hajui kwamba ni haramu? Alijua kuliko mimi. Alichokosa ni mtu wa kuketi naye saa ile kiu inapomshika, mtu ambaye naye imewahi kumshika.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alijikuta peke yake hotelini, biashara imeharibika, na baa iko karibu. Akaenda kwenye simu, akauliza huku na huku mpaka akaonyeshwa mlevi mwingine, daktari wa upasuaji, wakazungumza kwa masaa. Kutoka kwa hao wawili yalitokea makundi ambayo leo yako katika nchi nyingi. Watu wanaketi duara, wanatumia jina la kwanza tu, mmoja anasema na wengine wanasikiliza, na yanayosemwa hayatoki nje. Ada hakuna. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha. Aliyetangulia anamshika mkono aliye mpya, na anayeshikwa na kiu usiku anajua nani wa kumpigia.

Hapo ndipo penye swali. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kufichua dhambi ambazo Mwenyezi Mungu amezisitiri. Basi anayeketi katika duara na kusema "mimi ni mlevi" si amejivua sitara yake?

Mimi naona sivyo. Aliyekemewa katika hadithi ile ni mtu aliyefanya uovu usiku, na asubuhi anawasimulia rafiki zake kama sifa. Huyu wa duara hasimulii apate sifa, anaonyesha kidonda kwa watu wenye kidonda hichohicho, kama unavyomfunulia daktari mahali ambapo hungemfunulia mpita njia. Na hebu tuseme kweli, sitara gani tunayoilinda? Mke anajua, watoto wanajua, kijana wa toleka aliyembeba usiku anajua. Asiyeambiwa ni yule tu ambaye angeweza kumsaidia.

Imo katika Bukhari habari ya mtu wa Madina aliyeitwa Abdullah, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Alipigwa kwa ajili ya ulevi, akaletwa tena, akapigwa. Mtu mmoja akamlaani kwa kuletwa mara nyingi hivyo. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Angalieni, adhabu haikufutwa, na mtu hakutupwa nje. Sisi hatumpigi mtu, ila tumemtupa kwa macho.

Wako wanaosema mambo haya ni ya Wakristo. Lakini mwaka 1989, huko Baltimore, Waislamu waliotoka katika ulevi walianzisha kundi lao, Millati Islami, wakizipanga hatua zilezile juu ya Qurani na Sunna. Na Zanzibar, kisiwa cha Waislamu, tangu mwaka 2009 ziko nyumba wanazoziita soba hausi, ambamo walioacha unga na pombe wanawaongoza wanaoacha. Ikiwa kundi utakaloonyeshwa linakutana katika ukumbi wa parokia, nenda. Wakiomba dua yao, wewe nyamaza, omba yako moyoni.

Jambo moja la mwili. Aliyekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla bila kumwona mganga wa kituo cha afya. Mikono ikitetemeka sana, akianza kuona visivyokuwapo au kuanguka kifafa, apelekwe hospitali mara moja, kwa maana hali hiyo inaua. Huko kwenye kituo cha afya ndiko pa kuulizia kundi pia.

Na ukiuliza ukakosa, kumbuka wale wa Akron walikuwa wawili. Chumba cha madrasa ni kitupu Jumapili baada ya Alasiri. Mikeka iko, maji ya kunywa yako. Ukija kwangu faragha, nami nikamjua mwingine anayetafuta, nitawauliza kila mmoja kwanza kama anakubali kujulishwa kwa mwenzake. Kisha nitawafungulia mlango na kuondoka, kwa sababu mimi sikuwahi kunywa, na katika mazungumzo yale mimi ndiye mgeni.

Wabillahi tawfiq.