Rudisheni Mchakamchaka

Wajukuu zangu mlioko vyuoni,

Kuna kitu mlikiacha getini siku mlipopokelewa chuoni, na sidhani kama kuna aliyewaambia mkiache. Shule ya msingi mlikimbia mchakamchaka alfajiri, kiranja mbele, vumbi nyuma, mkiitikia nyimbo mpaka mtaa mzima unaamka. Sekondari, wengine mkafika UMISSETA. Baada ya kidato cha sita baadhi yenu mkaenda JKT kwa mujibu wa sheria, mkanyolewa, mkakimbizwa, mkarudi mmekakamaa hadi mama zenu wakashangaa. Miezi michache baadaye mko Mlimani, Dodoma au Mazimbu, na safari ndefu kuliko zote mnayoitembea kwa siku ni ya kutoka kitandani hadi kwa muuza chipsi. Mtu anashuka Mlimani City, anaita bodaboda impandishe hadi ukumbi wa Nkrumah!

Sisemi haya kuwasimanga. Chuoni hakuna kengele, hakuna kiranja, hakuna mwalimu wa zamu. Una kipindi saa mbili asubuhi na kingine saa kumi jioni, na hapo katikati umeachiwa wewe na simu yako. Mwaka wa kwanza mnauita uhuru, na ni uhuru kweli, ila mwili ulioamrishwa kwa miaka 13 haujui kujiamsha. Nusu ya muhula haijafika, mtu anashtuka saa nane usiku na usingizi haurudi. Anausoma ukurasa mmoja mara nne. Simu ya nyumbani inaita anaitazama tu, kwa kuwa anajua ataulizwa masomo yanakwendaje. Wenzake wanamwambia ana msongo wa mawazo, wanampa kinywaji cha kuongeza nguvu, na usiku ule anakesha tena.

Ndani ya msongo huo umo wasiwasi, na hapo nataka tukae kidogo. Hofu ya mtihani haikai kichwani peke yake. Karatasi ikigawiwa moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, pumzi inakuwa fupi. Mwenye hofu akijiona hivyo huogopa zaidi, anadhani anazimia, na moyo nao unazidi kudunda. Sasa mtazame anayekipanda kile kilima cha Mlimani kwa mbio. Moyo unadunda vilevile, jasho ni lilelile, pumzi ni fupi vilevile. Anasimama juu, anashika kiuno, na dakika chache baadaye yote yametulia. Akilirudia hilo wiki baada ya wiki, mwili unazoea kwamba moyo kwenda mbio si hatari na kwamba hutulia wenyewe. Siku ya mtihani ukianza kudunda, anaujua. Watafiti wa magonjwa ya wasiwasi wamelipima jambo hili na kuona kuwa mazoezi hupunguza woga huo wa dalili za mwili. Kwa mwanafunzi, mimi naona hiyo ndiyo faida ya kwanza, na ndiyo isiyotajwa, maana wanaouza mazoezi wanauza kupunguza tumbo na kutanua kifua.

Kuhusu sonona, ushahidi upo na si wa juzi. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na zaidi. Wengine walipewa dawa iitwayo sertraline, wengine wakafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, wengine wakapewa vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu ya kukaribiana, ingawa waliotumia dawa waliiona mapema zaidi. Mwaka 2007 wakatoa mwingine wa watu 202, safari hii wakiongeza kundi la kidonge kisicho na dawa. Katika kila 100, walioondokewa na sonona walikuwa 47 kwa dawa, 45 kwa mazoezi ya pamoja, 40 kwa mazoezi ya nyumbani na 31 kwa kidonge kitupu. Hao walikuwa watu wazima chini ya uangalizi wa wataalamu, si wakazi wa hosteli ya Mabibo, kwa hiyo asitokee mtu akaacha dawa alizoandikiwa eti kasoma maneno ya mzee.

Mtaniambia 45 na 40 hazipishani sana, basi kila mtu akimbie kivyake. Sawa, lakini wale wa nyumbani nao walifundishwa mwanzoni na kufuatiliwa. Wewe chumbani kwako unafuatiliwa na nani? Mchakamchaka haukuwa mbio tu. Ulikuwa na saa yake, na ulikuwa na watu wanaojua kwamba leo hukuonekana. Vitu hivyo viwili ndivyo chuo kilivyowanyang'anya, na mtu aliyeanza kuzama moyoni ndivyo anavyovikosa kuliko jasho lenyewe. Anaweza kukaa siku tatu bila kutoka na hosteli nzima isijue. Lakini kama kuna wenzake wanne wanaomsubiri uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza tu asipotokea mmoja atapanda ngazi kwenda kumgongea.

Kipimo si kikubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu. Nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano za wiki inatosha, na hata dakika tano za kupanda ngazi zinahesabika. Kuishabikia Simba au Yanga kwenye kibanda umiza, mkeka mkononi, haihesabiki, hata kama umeruka goli lilipoingia.

Wajukuu zangu wa kike, najua ya kwenu yana uzito wake. Barabara ya alfajiri yenye giza si ya msichana peke yake, na macho ya watu yanachosha. Msikimbie peke yenu. Chukueni uwanja wa netiboli jioni, rukeni kamba nyuma ya bweni, hata rede, ile ile ya utotoni. Mwili hauulizi mchezo una heshima kiasi gani. Mwezi wa Ramadhani, wote mnaofunga pelekeni mazoezi karibu na futari au baada ya tarawehe.

Tena lipo la tumbo, ambalo wanaotoa nasaha hulikwepa. Bumu likiisha, mwanafunzi anapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku. Huyo usimwambie akakimbie kilomita tano. Kula naye sahani moja kwanza ndiyo dawa, na kutembea naye taratibu kutafuata. Njaa haitolewi kwa jasho, na ada inayodaiwa hailipwi kwa kukimbia.

Na yupo ambaye moyo wake umezama zaidi ya hapo. Ukimwona mwenzako amekaa wiki mbili hana raha na chochote, halali usiku au analala tu kutwa kucha, anagawa vitu vyake, anasema ingekuwa heri asingekuwepo, usimpeleke uwanjani. Usimwache peke yake. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, au hospitali usiku huohuo, na ukae naye mpaka aonwe. Kumwambia ajikaze ni kumwongezea mzigo.

Ninyi wengine mlio wazima, msisubiri wiki ya mitihani. Hapo hakuna anayeanza jambo jipya. Tafuteni watu watano wa ghorofa yenu. Mmoja apewe kazi ya kuamsha, kwa zamu, na asiyeamka agongewe mpaka afungue. Anzeni Jumatatu hii.