Mbegu Iko Wapi, Mama?

Masomo: Kumbukumbu la Torati 26:1–11, Luka 20:45–21:4, 2 Wakorintho 9:10



Masika yanakaribia. Kaskazi imelegea, na hapa Jego kila boma unasikia jembe. Wengine wako kwenye mpunga, wengine kwenye kile kipande cha mboga nyuma ya jikoni. Leo tuzungumze juu ya hicho kipande.

Wiki mbili zilizopita nilimtembelea mama mmoja wa kanisa letu. Bustani yake ameitengeneza kweli! Udongo umelainishwa, samadi ya mbuzi iliyooza imechanganywa, kitalu kimeinuliwa maji yasituame, na makuti yamezungushwa kuzuia kuku. Nikamuuliza, "Mbegu iko wapi, mama?"

Akatabasamu. "Si nilipanda kanisani, pasta? Ile Jumapili ya Januari."

Wapendwa, nilinyamaza. Mhubiri wa Jumapili ile nilikuwa mimi. Nilisema panda mbegu, usiangalie mfuko, mavuno yanakuja. Mama akachukua pesa ya mchicha, bamia na kunde, akaitia kwenye kapu la sadaka. Sasa alikuwa anangoja, na kitalu kitupu.

Mimi nimesomea biashara. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba mtaji si faida. Ukila mtaji, umefunga duka. Nililijua hilo darasani, nikalisahau madhabahuni. Nilimwomba mama msamaha, na leo nawaomba na ninyi.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, malimbuko hutoka kwenye mavuno. Katika Torati 26, mtu analeta kapu la mazao ya kwanza ya ardhi yake. Maana yake alilima, akapanda, akavuna, ndipo akaleta. Paulo naye anatukumbusha kwamba Mungu ndiye anayempa mpanzi mbegu, na ndiye anayempa mkate wa kula. Hiyo pesa ya mbegu uliyo nayo huenda ndiyo jibu la maombi yako. Ipeleke kwenye udongo.

Pili, imani ina mikono. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno: ichanganye na mchanga mkavu isirundikane, imwage kwa mistari, ifunike na udongo kidogo tu. Tandaza nyasi kavu juu, mwagilia asubuhi na jioni. Ikichipua, toa nyasi, la sivyo miche itarefuka myembamba na kulala. Kunde na bamia panda pale pale zitakapokaa. Ukiomba usiku kucha na usimwagilie asubuhi, kitalu kitakauka tu.

Tatu, sisi watumishi tuogope. Tunapenda sana kumhubiri yule mjane na sarafu zake mbili. Lakini rudi nyuma mistari michache: Yesu ametoka tu kuwaonya wanafunzi wake juu ya walimu wanaokula nyumba za wajane. Mimi nilikuwa nikianzia kwenye sarafu. Sisemi msitoe, hapana! Toeni kwa furaha, na Bwana huiona hata sarafu ya mwisho. Ila mimi sina ruhusa ya kumsukuma mtu aitoe.

Nilitaka kumrudishia mama pesa yake. Akakataa katakata: "Nimeshampa Mungu, pasta. Sirudishiwi." Basi nikanunua pakiti tatu kwa pesa yangu, nikarudi kesho yake nimevaa gambuti, tukapanda pamoja. Aliniambia nimechimba mashimo marefu mno! Juzi nimepita, mchicha umeshatoka. Nyasi ameshaziondoa.

Jumapili ijayo, mwenye mbegu ya ziada aje nayo, hata kama ni kunde za kopo moja. Tutaweka meza nje ya mlango. Asiye na mbegu achukue, na mtu asimuulize swali. Mvua haitangoja mtu.

Tuombe: Bwana, tusamehe tuliposema neno lako nusu. Bariki udongo wa Jego na mikono inayoulima. Tupe mvua kwa kiasi, na tukivuna, tusikusahau wewe wala jirani. Katika jina la Yesu. Amina.